Mama Ameenda Kawangware

Juzi nilinunua kufuli la geti. Muuzaji alinipa funguo mbili zilizofungwa pamoja kwa kiwaya, na kwa kuwa nilikuwa na mizigo mkono wa pili, nilizifumbata kiganjani hadi nikafika nyumbani. Nilipozitua mezani nikajipata nimekinusa kiganja. Shaba na jasho. Harufu hiyo nilikuwa sijaisikia miaka na miaka, lakini ilinirudisha papo hapo Laini Saba, Kibera, nikiwa mtoto wa shule mwenye ufunguo kifuani, umefungwa kwa kamba ya kiatu na kufichwa ndani ya sare. Mama yangu amefungiwa nyumbani, na aliyemfungia ni mimi.

Kabla hujaniitia polisi, nisikilize kwanza.

Tulikaa nyumba ya chumba kimoja, ile ya futi kumi kwa kumi ambayo kila aliyekulia Kibera anaweza kuizunguka gizani bila kugonga kitu. Kuta za udongo, juu mabati, na katikati shuka ya maua iliyotenganisha kitanda cha wazazi na dunia nzima. Upande huu wa dunia tulikuwa watoto watano, mimi kitinda mimba. Tulikuwa pia na wadogo wawili wa Baba, ambao walikuja mjini kutafuta kazi na mpaka wakati huo walichokuwa wamepata ni mahali pa kulala. Hapo sijataja wageni. Mtu akitoka nyumbani kule ziwani kuja Nairobi, iwe ni hospitali au ni mahojiano ya kazi, kituo chake kilikuwa kwetu. Usiku tulipangwa sakafuni, kichwa huku miguu kule, na aliyetaka kugeuka aliwaamsha wengine nao wageuke.

Mchana nao ulikuwa wa majirani. Kwenye laini yetu mtu alipiga hodi akiwa ameshakaa. Huyu anataka chumvi, huyu anataka sindano, yule hataki kitu, amekuja tu kuona kama uko. Hata bafuni, lile bafu la magunia lililokuwa la nyumba zote, ukiingia tu unasikia mtu anakohoa nje na beseni lake, akikujulisha kwamba yeye pia ana mwili unaohitaji maji. Mama alikuwa na kila kitu ambacho mama wa pale alikuwa nacho. Alichokosa ni dakika moja ambayo hakuna mtu anayemwita.

Utasema, si angefunga komeo la ndani? Komeo lilikuwepo. Lakini mlango uliofungwa kwa ndani mchana ulikuwa habari ya kutembea laini nzima. Wangegonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha wangeitana: Mama Atieno ni mgonjwa, Mama Atieno amekosana na mzee, Mama Atieno yuko na mtu. Kufuli lililoning'inia nje, hilo halikuwa na maswali. Kufuli likiwa nje, mwenyewe hayuko, na watu huenda zao.

Mama alikuwa akifua nguo za watu kwenye nyumba za mawe za ng'ambo ya Ngong Road. Alhamisi tajiri wake mmoja alikuwa na maombi nyumbani kwake na hakutaka nguo mbichi zining'inie mbele ya wageni wa Mungu, kwa hivyo siku hiyo Mama alirudi mapema. Alhamisi hiyohiyo Baba na wadogo zake walikuwa wametoka, ndugu zangu walikuwa shule hadi jioni, na mimi wa darasa la chini nilikuwa nimeshaachiliwa. Siku moja aliniita, akatazama nje kushoto na kulia, akanipa kufuli.

"Nataka unifungie," akasema.

"Nikufungie wapi?"

"Hapa. Nikae ndani, wewe ufunge huko nje. Ufunguo usipe mtu hata kama ni nani. Mtu akiuliza, sema Mama ameenda Kawangware. Ukisikia treni ya jioni inapiga honi, uje unifungulie. Umeskia?"

"Na dada Atieno je?"

"Atieno hana kifua. Wewe unacho."

Nilijivuna sana kuambiwa nina kifua, nikaenda kukitumia kuning'inizia ufunguo.

Kawangware alikokutaja hakukuwa mahali pa kubahatisha. Kule, mtaa mwingine wa Nairobi, aliishi mdogo wake, mama mdogo Pamela, aliyekuwa akisuka watu nywele na hakuwa na mume wala mtoto. Mama aliwahi kwenda kumtembelea, na aliporudi hakuongea habari za barabara wala za Pamela mwenyewe. Aliongea habari za kikombe. "Ana kikombe kimoja," alimwambia jirani yetu Mama Zuhura wakichambua sukuma wiki mlangoni. "Kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja. Akimaliza kunywa chai anakiosha, anakifunika, basi. Hakuna mwingine wa kuosha."

Mama Zuhura, mama wa Kinubi aliyekaanga mandazi mlango wa tatu kutoka kwetu, alicheka hadi akashika mbavu. "Kikombe kimoja si ni upweke huo, Mama Atieno?"

Mama hakucheka. "Kuna siku nitatoka hapa," akasema, "nishike barabara, nisirudi."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nikichezea mabua ya sukuma. Watu wazima husema maneno kama hayo kila siku, wakayamaliza na kuinuka kupika. Mtoto hajui hivyo. Mtoto huyaokota na kuyaweka. Kwa hivyo Mama aliponiomba nimfungie, nilielewa mara moja, tena nilielewa vibaya kabisa. Nilijua Mama anataka kwenda Kawangware asirudi, na kwa kuwa bado anatupenda kidogo, ameomba afungwe asije akaondoka. Kila nilipobana kufuli nililivuta mara kadhaa kuhakikisha. Mtoto mwingine angeenda kucheza. Mimi nilikaa ng'ambo ya njia kwa fundi wa majiko, katikati ya kelele za nyundo na bati, macho yangu yakiwa mlangoni kwetu.

"Niaje, askari?" fundi alinitania. "Hiyo nyumba yenu iko na dhahabu?"

"Mama ameenda Kawangware," nikamjibu, ingawa hakuwa ameuliza.

Alhamisi moja woga ulinizidi. Nilizunguka nyuma, ambako bati la dirisha lilikuwa na tundu la msumari, nikachungulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba. Kile kiti hakuna aliyekikalia, hata wageni walikijua. Alikuwa amevua viatu na kunyoosha miguu juu ya kigoda. Vikombe vyetu vyote, vya bati na vya plastiki, ambavyo siku zote vilijazana mezani, alikuwa amevificha. Juu ya meza kulikuwa na kikombe kimoja cha kioo, kile cha wageni, na chai ya strungi, isiyo na maziwa. Hakuwa analia, hakuwa anaomba, hakuwa anashona. Alikunywa, akakiweka, akakitazama.

Niliondoka pale. Kama ningemkuta analia ningejua la kufanya, ningelia naye. Lakini alikuwa na amani, na amani hiyo ilikuwa ya nyumba ambayo mimi simo. Niliona wazi kwamba Mama ameshaanza kuhama.

Tuliendelea hivyo Alhamisi nyingi, hadi ile aliyokuja Dani.

Dani ndivyo tunavyomwita nyanya. Alikuwa mama yake Baba. Nilimwona akitokea upande wa reli, gunia la mahindi kichwani, kuku amefungwa miguu kwapani, na nyuma yake watoto wawili waliojaa vumbi la safari, mvulana wa rika langu na msichana mdogo ambaye bado alitembea kwa kuyumba. Niliwajua kwa kusikia. Walikuwa watoto wa kaka yake Baba, aliyeugua akafa, na mkewe akamfuata kwa ugonjwa huohuo. Miaka hiyo ugonjwa huo watu wazima hawakuutaja kwa jina mbele yetu.

Dani alitua gunia, akalitazama kufuli.

"Mama yako yuko wapi, nyakwara?" Ndivyo alivyotuita wajukuu wake wote.

"Ameenda Kawangware."

"Atarudi?"

Swali lile lilinichoma kuliko alivyojua. "Jioni," nikasema.

"Basi tutangoja."

Wengine wote waliolikuta kufuli waliondoka. Mtu aliyesafiri usiku kucha kutoka ziwani ataondoka aende wapi? Dani aliketi kizingitini, akaegemeza mgongo mlangoni, akanyoosha miguu njiani. Mama alikuwa ndani, nyuma ya ubao ule ule, hatua moja kutoka kwa mgongo wa mama mkwe wake. Nilisikia jasho likiilowesha kamba ya kiatu shingoni.

Mama Zuhura alikuja mbio na chai na mandazi, kama desturi. Akawasalimu, akawapa pole ya msiba na pole ya safari. Kisha akawatazama wale watoto, akalitazama gunia, akauliza polepole, "Mmekuja kutembea?"

"Mimi nitarudi," Dani akasema. "Hawa wanabaki. Mimi nguvu imeisha, mama, hata jembe siwezi. Mwanangu aliniambia nilete tu. Alisema ashaongea na bibi yake, na bibi yake hana neno."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo."

Mama Zuhura alijua Mama hajaambiwa kitu. Ningeiona sura yake hata kama ningekuwa ng'ambo ya reli. "Maskini wee," akasema, na hakusema maskini ni nani. "Nyumba yenyewe si unaiona."

"Mahali pa kulala pa mtu hapakosekani," Dani akajibu.

Ndani hapakusikika hata kijiko. Nilijiuliza kama Mama bado anapumua. Nilitamani nimfungulie na nilitamani nisimfungulie kamwe, kwa sababu sasa alikuwa na sababu ya kutosha. Watoto watano, wadogo wawili wa Baba, na sasa hawa. Mtu yeyote angeenda Kawangware.

Yule msichana mdogo alikuwa ameshayameza mandazi yake na kulia kidogo kwamba yameisha. Akalala kifudifudi vumbini. Mlango wetu ulikuwa umeliwa na mvua chini, ukabaki mwanya wa kupitisha mkono wa mtoto. Akachungulia.

"Dani," akasema. "Kuna miguu."

"Miguu ya nani?"

"Hakuna mtu," nikasema kwa sauti kubwa mno. "Ni viatu vya Baba."

Msichana hakunijali. Aliingiza mkono chini ya mlango hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa alikuwa ameshika nusu ya andazi. Akaketi, akaanza kulila kwa raha zake.

Dani alilitazama lile andazi. Akalitazama kufuli. Kisha akanitazama mimi, akashuka na macho hadi kwenye kamba iliyochungulia shingoni mwangu. Kwetu mke akishavuliwa heshima mbele ya mama mkwe wake, hasitiriki tena. Mkwe akimkuta mkaza mwana wake amejifungia nyumbani kumkwepa, hayo ni maneno ya kupelekwa hadi nyumbani na kukaa miaka. Mama alijua hivyo. Alilitoa andazi lake akijua hivyo.

Dani aliinuka, akajikung'uta kanga.

"Mama Zuhura," akasema, "hawa watoto hawajawahi kuona treni. Twende utuonyeshe hiyo reli vizuri. Wewe Akinyi," akanigeukia, "baki na kuku."

Walipoishia kwenye kona nikaufungua mlango. Mama alikuwa amesimama palepale, viatu miguuni, kitambaa kichwani, mkoba mkononi. Mkoba wa kanisani. Nyuma yake kikombe cha kioo kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa.

"Wameenda upande gani?"

"Wa reli, huku chini."

"Kaa hapa," akasema. Hakunitazama. Akatoka, akashika njia ya juu, ile inayoelekea Ngong Road, ile ambayo mtu akitaka kwenda Kawangware hupita. Alitembea haraka, bila kugeuka, na umati wa njia ukamfunika.

Nilikuwa na kuku mmoja na ufunguo usio na kazi. Hadi leo sijaogopa tena kwa namna ile. Nilisimama mlangoni nikiiangalia njia ya juu na nikahesabu makosa yangu yote, kikombe nilichovunja, sare niliyoichana, nikiona kila moja lilivyomsukuma. Fundi aliniita, "Mbona unalia, askari?" Dani alirudi na watoto na Mama Zuhura, akaniona, akakaa kizingitini palepale pake. Hakuniuliza Mama yuko wapi ingawa mlango ulikuwa wazi. Nadhani naye aliogopa. Sote tukaitazama njia.

Treni ya jioni ilipiga honi, ikapita, na watu wakamwagika kutoka kwenye mabehewa. Mama alikuja akiwa miongoni mwao, kwa upande wa reli, kana kwamba ametoka mbali.

"Jameni, karibuni!" akasema. "Mmefika saa ngapi? Mimi nilikuwa kwa Pamela, Kawangware."

"Si kitambo," Dani akasema. "Pamela hajambo?"

"Hajambo. Amewasalimia."

Akawashika watoto mkono mmoja mmoja, akawauliza majina. Kisha akafungua mkoba. Alikuwa amepitia kwa wale wachuuzi wa kando ya reli, na akatoa vikombe viwili vya plastiki, kimoja cha kijani na kimoja chekundu. "Hiki chako," akamwambia mvulana. "Na hiki chako. Msichanganye na vya wenzenu, hapa watu wanapigania vikombe."

Nilimkumbatia kiunoni nikalia, naye akanisukuma kidogo akiuliza mbona namchafua. Natamani niandike kwamba alikuwa na furaha. Hakuwa nayo. Alikuwa amekaza taya, na macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amefika hadi mahali fulani kwenye ile njia ya juu na amerudi, basi. Usiku ule nilimsikia nyuma ya shuka ya maua akimwambia Baba kwa sauti ya chini, "Ungeniambia. Ungeniambia tu." Nilihesabu vikombe mezani hadi nikalala.

Dani alikaa nasi kidogo kabla ya kurudi nyumbani. Alhamisi iliyofuata nilidhani mambo ya kufuli yamekwisha, maana nyumba ilikuwa na watu hata mchana. Mama alirudi kutoka kufua, akakuta kuku, watoto wawili na mama mkwe wake. Akaanza kuosha sufuria bila kukaa. Dani akamtazama, kisha akaniambia, "Akinyi, ule ufunguo."

Nilimtazama Mama. Mama alitazama sufuria.

"Toka na hawa watoto," Dani akasema. Akatoka naye mwenyewe na kigoda mkononi, akauvuta mlango, akalifunga kufuli kwa mkono wake, na akaliangalia kama limeshika. Kisha akaketi mbele ya mlango, akaanza kupukuchua mahindi. Mama Zuhura alipita kutafuta chujio.

"Mama Atieno yuko?"

"Ameenda Kawangware," Dani akasema, bila kuinua macho.

Mama Zuhura aliliangalia kufuli, akaenda zake.

Nilingoja mpaka sikuweza kungoja tena. "Dani, huogopi akienda kabisa?"

Aliendelea kupukuchua. "Mimi nilizaa watoto tisa," akasema. "Nilikuwa naenda kutafuta kuni."

"Kule nyumbani kuni ziko mbali?"

"Ziko nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa naenda mlimani."

Nilitazama huku na huku, bati, reli, mitaro, na vumbi. "Hapa hakuna kuni, Dani."

"Hakuna," akasema, na akanipa gunzi nishike.

Wale watoto walikua nasi. Yule msichana wa andazi humwita Mama yangu mama, na ana haki yote. Baba hayupo tena, wala Dani. Mama anaishi nyumbani kule ziwani, kwenye nyumba ya vyumba kadhaa tuliyomjengea kwa kuchangiana, na vikombe vyake vimejaa kabati nzima. Wakati mwingine nampigia simu na haishiki. Napiga tena, haishiki. Baadaye ananipigia mwenyewe na nikimuuliza alikuwa wapi, anasema, "Nilikuwa nimeenda Kawangware," na tunacheka sote wawili.

Lakini kabla hajapiga, simu inapolia na hakuna anayeipokea, mkono wangu hujiendea wenyewe kifuani, chini ya nguo, kutafuta ufunguo.